Alama nne nyekundu na kosa moja lililopita: ugomvi wa sarufi ya Kiingereza kazini

Swali: Mwenzangu kazini hupitia kila ripoti ya Kiingereza ninayoandika, na hatuelewani. Juzi amenirudishia sentensi hii ikiwa na alama nne nyekundu: "The committee have agreed to fully review the budget, the schedule and the staffing plan, however each member must send their comments before Friday." Anasema "have" iwe "has", "fully" haifai kukaa kati ya "to" na kitenzi, lazima pawe na mkato kabla ya "and", na "their" haiwezi kumrejelea mtu mmoja. Nani ana haki? Na tufanyeje ili tusibishane kila wiki?

Jibu: Katika alama hizo nne hakuna hata moja iliyoangukia kosa la sarufi. Kosa la kweli limepita bila kuguswa, nalo ni ule mkato uliotangulia "however". Hali hii hutokea mara nyingi mno, na ndiyo sababu swali lako linastahili jibu refu: mtu akitumia nguvu zake zote kupigania mambo ya hiari, jicho lake huacha kuona makosa.

Tuanze na kosa lenyewe. "However" ni kielezi, si kiunganishi. Vishazi viwili huru, yaani viwili ambavyo kila kimoja kingeweza kusimama kama sentensi kamili, haviwezi kushikanishwa kwa mkato peke yake. Njia za kurekebisha ni tatu. Weka nukta na uanze sentensi mpya: "...the staffing plan. However, each member must..." Au weka nukta-mkato: "...the staffing plan; however, each member must..." Au badilisha neno, utumie kiunganishi halisi: "...the staffing plan, but each member must..." Katika njia mbili za kwanza usisahau mkato baada ya "however", kwa sababu bila mkato neno hilo hubadilika maana na kuwa "kwa vyovyote vile", kama katika "However hard you try".

Ukitaka kujua kama neno ni kiunganishi au kielezi, jaribu kulihamisha. "Each member, however, must send..." inakubalika. "Each member, but, must send..." haikubaliki hata kidogo. Neno linalohamishika ni kielezi na linahitaji nukta au nukta-mkato mbele yake. Lisilohamishika ni kiunganishi na mkato unalitosha. Jaribio hilo hilo linafaa kwa "therefore", "moreover", "nevertheless" na "consequently". Likikaa kichwani, sehemu kubwa ya makosa ya alama katika ripoti za ofisini itatoweka.

Sasa tuje kwenye alama nne za mwenzako. Kila ubishi juu ya Kiingereza sanifu unaingia katika fungu moja kati ya matatu, na kabla ya kutamka neno "kosa" ni lazima ujue uko fungu gani. Kuna kanuni halisi, ambazo waandishi makini wa nchi zote huzifuata na anayezivunja huonekana mara moja kuwa amekosea. Kuna mambo ya mtindo, ambapo njia mbili au zaidi ni sahihi na kinachodaiwa ni kuchagua moja na kuishikilia. Na kuna makatazo matupu: vitu vilivyokatazwa madarasani kizazi baada ya kizazi ingawa lugha yenyewe haijawahi kuvikataa. Ugomvi mwingi hutokana na mtu kulichukua jambo la fungu la pili au la tatu na kulitetea kana kwamba ni la kwanza.

Mtu anaweza kuuliza, nani basi aliyegawa mafungu hayo? Kiingereza hakina baraza lenye mamlaka juu yake. Ufaransa ina akademia yake tangu 1635. Jonathan Swift alipendekeza chombo cha namna hiyo kwa ajili ya Kiingereza mwaka 1712, na pendekezo lake halikutekelezwa. Kilichopo ni mazoea ya waandishi makini, kamusi zinazoyarekodi mazoea hayo, na miongozo ya uandishi ambayo kila taasisi hujichagulia: ule wa Chicago uliotoka mara ya kwanza mwaka 1906, wa shirika la habari la Associated Press, wa wanasaikolojia wa Marekani unaoitwa APA, wa Oxford, na mingine. Miongozo hii haikubaliani katika mambo yote. Pale inapokubaliana, mna kanuni mikononi. Pale inapotofautiana, mna uhuru wa kuchagua.

Mkato kabla ya "and"

Huu ndio ubishi maarufu kuliko yote, na ni wa mtindo. Chicago, APA na Oxford huuweka: "the budget, the schedule, and the staffing plan". Associated Press na magazeti mengi ya Uingereza hawauweki katika orodha nyepesi, bali huuongeza pale maana inapotatizika. Hivyo sentensi yako ni sahihi, na marekebisho ya mwenzako nayo ni sahihi. Ambacho hakifai ni ripoti moja kuwa na mkato huo ukurasa wa 2 na kuukosa ukurasa wa 5.

Wanaoutetea husema unaondoa utata. Ni kweli, ila nusu tu. Angalia "I invited my teacher, a poet and a farmer." Bila mkato wa mwisho, msomaji anaweza kufikiri mwalimu mwenyewe ndiye mshairi na ndiye mkulima. Uongeze sasa: "I invited my teacher, a poet, and a farmer." Utata wa kwanza umeondoka na mwingine umeingia, kwa kuwa "a poet" sasa inaweza kusomeka kama maelezo ya mwalimu, wageni wakabaki wawili. Dawa hapa si alama. Dawa ni kupanga upya: "a poet, a farmer and my teacher". Andika hivyo, uweke mkato usiweke, hakuna atakayekosa kukuelewa.

Jinsi jambo hili linavyoweza kuwa zito inaonekana katika kesi ya madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy, jimbo la Maine, Marekani. Sheria ya jimbo ilitaja kazi ambazo hazina malipo ya saa za ziada kwa maneno haya: "The canning, processing, preserving, freezing, drying, marketing, storing, packing for shipment or distribution of", kisha ikafuata orodha ya vyakula. Madereva walikuwa wakisambaza, hawakuwa wakifungasha. Kama "distribution" ni kazi inayojitegemea, dereva amo katika orodha na hana haki ya malipo ya ziada. Kama imefungamana na "packing for shipment or distribution", wanaotajwa ni wafungashaji peke yao, na dereva anadai pesa zake. Hapakuwa na mkato baada ya "shipment".

Hoja za pande zote mbili ni somo zuri la sarufi. Upande wa madereva ulionyesha kwamba kila kazi katika orodha inaishia na "-ing", lakini "shipment" na "distribution" haziishii hivyo. Basi hayo mawili ni jozi, na yote mawili yanategemea "for". Upande wa kampuni uliuliza: kama "packing" ndiyo kazi ya mwisho, mbona hakuna "or" mbele yake? Tena mwongozo wa kutunga sheria wa jimbo hilo ulikuwa unaelekeza mkato huo usiwekwe. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Boston iliona kwamba maneno yana utata, na kwa vile sheria ya namna hiyo hufasiriwa kwa kumlinda mfanyakazi, madereva walishinda. Mwaka 2018 shauri likamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 5. Watunga sheria walipoiandika upya waliweka nukta-mkato kati ya kazi na kazi, wakageuza "distribution" kuwa "distributing". Yaani walitengeneza alama na umbo la neno kwa pamoja, na hilo ndilo la kuiga: vipengele vya orodha moja viwe na umbo moja, vyote nomino au vyote "-ing", na kipengele chenye mikato ndani yake kitenganishwe na wenzake kwa nukta-mkato.

Upo mkato mwingine ambao si wa hiari hata kidogo, ingawa watu hawaugombanii. "The reports which were late were rejected" ina maana kwamba zilizokataliwa ni zile zilizochelewa tu. "The reports, which were late, were rejected" ina maana kwamba zote zilichelewa na zote zilikataliwa. Mikato miwili imebadilisha idadi ya ripoti zilizokataliwa. Wahariri wa Marekani hupenda kutumia "that" katika sentensi ya kwanza na kuiachia "which" ya pili. Waingereza wengi hutumia "which" kote. Kuchagua kati ya "that" na "which" katika sentensi ya kwanza ni mtindo. Mikato ya sentensi ya pili ni kanuni.

"Have" au "has"

Nomino ya kundi kama "committee", "team", "staff" au "government" Marekani huchukua kitenzi cha umoja karibu kila mara. Uingereza umoja na wingi hutumika vyote viwili, na mwandishi anaweza kuchagua kwa maana: "The committee has five members" inalichukulia kundi kama kitu kimoja, "The committee have taken their seats" inawachukulia watu mmoja mmoja. Wajumbe wamekubaliana, kwa hiyo "have" yako inasimama mbele ya msomaji wa Uingereza. Kwa msomaji wa Marekani itamkwaza, na hapo mwenzako angekuwa na hoja. Jambo la kuchunga ni kutochanganya: ukianza na "the company has", endelea na "its", si "their".

Usilichanganye hili na upatanisho halisi, ambao hauna hiari. "The list of names are attached" ni kosa, maana kilichoambatishwa ni orodha: "The list of names is attached." Kosa hili huingia kwa sababu nomino iliyo karibu na kitenzi iko katika wingi na sikio hudanganyika. Funika kwa kidole kirai kinachoanza na "of", soma kilichobaki. Kuna sehemu moja ambapo kufunika hakusaidii: "a number of complaints have been received", kwa kuwa "a number of" maana yake ni "kadhaa", lakini "the number of complaints has risen", kwa kuwa hapo tunaizungumzia idadi yenyewe. Ama "none of them is" na "none of them are", zote ni sahihi, na anayepiga mstari mojawapo anapoteza wino.

"Their" kwa mtu mmoja

Mwenzako anafuata mafundisho ya vitabu vya karne ya 18 na 19. Matumizi ya "they" kwa mtu mmoja asiyetajwa jina yanaonekana katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14. Katazo ndilo lililokuja baadaye. Hata Bunge la Uingereza mwaka 1850 lilipitisha sheria kwamba katika matini ya sheria maneno ya kiume yahesabiwe kuwa yanawahusu wanawake pia. Leo mwongozo wa APA, katika toleo lake la saba la mwaka 2019, unaagiza "they" itumike pale jinsia ya mtu haijulikani au haihusiki. "Each member must send their comments" ni Kiingereza sanifu. Kitenzi chake hubaki cha wingi, "they are", kama vile "you are" isivyobadilika ukimsemesha mtu mmoja.

Hata hivyo nisingependa uishinde hoja na umpoteze msomaji. Ikiwa ripoti inakwenda kwa watu ambao bado wanaiona "their" hiyo kuwa kasoro, kuna njia za kuikwepa zisizoharibu sentensi. Tumia wingi: "Members must send their comments." Au kiondoe kiwakilishi kabisa: "Each member must send comments." Zote mbili ni bora kuliko "his or her", ambayo ikirudiwa mara tatu katika aya moja humchosha msomaji.

Makatazo matupu

Alama ya mwenzako juu ya "to fully review" inaangukia hapa. Mmoja wa waliolisambaza katazo hilo ni Henry Alford, kasisi mkuu wa Canterbury, katika kitabu chake cha mwaka 1864. Kielezi kati ya "to" na kitenzi hakivunji kitu. Wakati mwingine ndipo mahali pekee panapofaa: "We expect sales to more than double" haina namna ya kupangwa vingine ikabaki na maneno yale yale. Na kukihamisha kunaweza kugeuza maana. "He failed completely to understand" ni mtu ambaye hakuelewa chochote. "He failed to completely understand" ni mtu aliyeelewa kidogo. Mhariri anayehamisha "completely" ili kutii katazo amebadilisha habari. Anayetakiwa kujizuia ni yule anayepachika maneno mengi hapo katikati, kwa mfano "to as soon as is reasonably possible review". Hiyo ni nzito kusoma, na ndiyo sababu inayotosha kuirekebisha.

Kumaliza sentensi kwa kihusishi nako ni hivyo hivyo. John Dryden alilalamika juu yake mwaka 1672, na walimu wakamfuata. "The report I referred to" haina kasoro. "The report to which I referred" ni rasmi zaidi, basi. Lakini "Where is the file at?" ifute "at", kwa kuwa "where" imeshabeba kazi hiyo.

Kuanza sentensi kwa "And" au "But" kunaruhusiwa. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 imejaa aya zinazoanza na "And". Sharti lake ni dogo: usiweke mkato mara tu baada ya "But", isipokuwa kama kuna maneno ya kando yanayofuata. "But, we disagree" ni kosa. "But we disagree" ni sahihi.

Juu ya "less" na "fewer": mwaka 1770 Robert Baker alisema anaona "fewer" inafaa zaidi kwa vitu vinavyohesabika, na maoni ya mtu mmoja yakageuka sheria. Katika maandishi rasmi ni busara kuifuata: "fewer errors", "less noise". Ila usiipeleke kwenye muda, umbali wala pesa, kwa sababu hapo tunapima kiasi, hatuhesabu kimoja kimoja: "less than two hours", "less than ten kilometres". "Fewer than ten kilometres" ni matokeo ya mtu kuishika kanuni bila kujua inafanya kazi gani.

Lakini naomba usichukue orodha hii ya makatazo ukadhani kila kinachokosolewa kinaruhusiwa. "Between you and I" imo katika tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venice, na bado leo ni kosa katika Kiingereza sanifu. Ukale wa matumizi hautoshi. Kinachohukumu ni yale waandishi makini wa sasa wanayoyafanya. Hapa jaribio ni kumwondoa mtu mwingine. "They invited Sara and I": mwondoe Sara, ubaki na "They invited I", na kosa linajionyesha. Kwa "who" na "whom", jibu swali kwa "he" au "him". Ikija "him", ni "whom". Kuwa mwangalifu na maneno ya kupachikwa: katika "the candidate who we believe is qualified", toa "we believe", utaona ni "who", maana ndiye kiima cha "is". Anayeandika "whom" hapo amekosea kwa kujitahidi kupita kiasi, na kosa la namna hiyo huonekana zaidi kuliko "who" ya kawaida mahali pa "whom".

Ritifaa

Hukuuliza juu ya ritifaa, yaani alama hii ('), lakini ofisi inayobishania mikato huwa na ugomvi huu pia, na hapa kanuni halisi ni nyingi. Kwa umiliki, kwanza andika nomino kamili katika umoja au wingi wake, bila kufikiria ritifaa. Kisha tazama: kama ni ya wingi na imeishia na "s", ongeza ritifaa peke yake, "the students' results". Kama ni ya wingi isiyoishia na "s", ongeza ritifaa na "s", "the children's results". Umoja vilevile, "the student's result". Utaratibu huu unatatua hata "one week's notice" na "two weeks' notice". Wenye mali wawili wakimiliki kitu kimoja, ritifaa huenda kwa wa mwisho: "Ali and Sara's report". Kila mmoja akiwa na yake, kila mmoja apewe yake: "Ali's and Sara's reports".

Wingi wa kawaida hauchukui ritifaa: "photos", "PDFs", "the 1990s". Viwakilishi vya umiliki navyo havichukui: "its", "theirs", "yours". "It's" ni ufupisho wa "it is" au "it has" basi, kwa hiyo soma sentensi kwa urefu wake. Kama haisomeki, futa ritifaa. Hili ni kosa, si mtindo, na ni moja ya yale ambayo wasomaji huyaona upesi zaidi.

Mtindo unabaki kwenye majina ya umoja yanayoishia na "s". Chicago huandika "James's", Associated Press huandika "James'". Mwaka 2006, katika shauri la Kansas dhidi ya Marsh, majaji wa Mahakama Kuu ya Marekani wenyewe hawakuafikiana: Jaji Thomas aliandika "Kansas'" katika hukumu ya wengi, na Jaji Souter akaandika "Kansas's" katika maoni ya waliopinga. Nyinyi chagueni moja. Majina rasmi ya kampuni na mahali msiyarekebishe kamwe: McDonald's ina ritifaa, Barclays haina, na Waterstones iliiondoa yake mwaka 2012.

Nukta ndani au nje ya alama za mtajo

Marekani nukta na mkato huingia ndani ya alama za mtajo kila wakati, hata kama si sehemu ya maneno yaliyonukuliwa. Uingereza huingia ndani zikiwa ni za maneno yenyewe tu. Nuktapacha na nukta-mkato hukaa nje kote kuwili. Alama ya kuuliza hufuata maana kote kuwili: Did she say "I agree"? Mtindo wa Marekani una hatari moja ya kweli, katika maelekezo ya kompyuta. Ukiandika kwamba mtumiaji achape "start." na nukta ikiwa ndani, atachapa na nukta, na amri itakataa. Hapo weka nukta nje, au andika amri kwenye mstari wake peke yake.

Kumaliza ubishi ofisini

Kwanza mkubaliane ni Kiingereza cha wapi, kwa kumtazama anayepokea ripoti zenu. Kisha chagueni mwongozo mmoja uliochapishwa na kamusi moja, na kila ubishi wa mtindo upelekwe huko kabla ya kupelekwa kwa mtu. Juu ya hivyo andikeni ukurasa mmoja wenu wenyewe, wenye maamuzi yale tu yanayorudi kila mara: mkato kabla ya "and", kitenzi cha nomino za kundi, "James's" au "James'", alama za mtajo moja au mbili, "-ise" au "-ize". Hilo la mwisho lina mtego: "-ize" si ya Marekani peke yake, Oxford nayo huitumia, lakini Uingereza huandika "analyse" siku zote, na "advise", "surprise" na "exercise" hubaki na "s" kokote duniani. Tarehe andikeni mwezi kwa herufi, kwa kuwa 5/6 ni Juni kwa msomaji mmoja na Mei kwa mwingine. Baada ya nukta wekeni nafasi moja. Programu ya Word ilianza mwaka 2020 kuziwekea alama nafasi mbili kama kosa.

Word hiyo hiyo ipangeni sawa kwenye kompyuta zote. Chagueni lugha ya ukaguzi, Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani, kisha mfungue mipangilio ya sarufi na kuweka uamuzi wenu juu ya mkato wa orodha. Sehemu kubwa ya ugomvi wa ofisini ni kompyuta mbili zenye mipangilio tofauti zinazopiga mistari mahali tofauti.

Halafu mbadilishe namna ya kusahihishana. Anayehariri atumie alama mbili: moja ya "lazima", kwa kanuni halisi, na aandike kanuni hiyo kwa maneno machache pembeni, nyingine ya "pendekezo", ambayo mwandishi anaweza kuikataa bila kujieleza. Asiyeweza kuitaja kanuni wala kuionyesha katika mwongozo au ukurasa wenu, alama yake ihesabiwe pendekezo. Kwa utaratibu huo sentensi yako ingerudi na "lazima" moja, kwenye "however". "Have" na mkato wa orodha vingeamuliwa na ukurasa wenu, na "fully" na "their" vingebaki mapendekezo.

Ukurasa huo utawale maneno yenu peke yake. Mkinukuu ripoti ya watu wengine, "organise" yao ibaki "organise" na mikato yao ibaki ilipo, hata kama nyinyi mmeamua vingine.